Prodyuza kaongoza muvi yake ya kwanza na kachagua kisa cha waipa za gari. Flash of Genius mmeionaje?

KitiChaNyuma:

Wakuu habari za usiku. Jana nimemaliza kuangalia Flash of Genius mara ya pili ndani ya wiki moja na bado sijatulia, nikaona nije humu maana nyumbani tumebishana mpaka kaka yangu kaenda kulala bila kuaga.

Kwa ambao hamjaiona, ni muvi ya 2008 na kisa chenyewe ni cha kweli. Kuna mwalimu wa chuo huko Detroit anaitwa Robert Kearns, injinia, baba wa watoto sita, kaigizwa na Greg Kinnear. Miaka ya sitini anabuni waipa zile zinazofuta kioo, zinatulia kidogo, halafu zinafuta tena, yaani hizi hizi ambazo leo kila gari inazo na hakuna anayezishangaa. Kabla ya hapo yakiwa manyunyu tu ilikuwa unawasha unazima unawasha unazima, la sivyo inakwaruza kioo kikavu mpaka meno yanasisimka. Basi anawapelekea Ford, wanaipenda, wanamuuliza maswali, wanataka kuiona inavyofanya kazi, halafu siku moja wanamwambia asante, hatuihitaji tena. Baadaye anaziona gari zao kwenye mvua zinafuta na kutulia vilevile kama yake. Kuanzia hapo maisha yake yote ni kesi.

Sasa nina mambo mawili. La kwanza, dairekta ni Marc Abraham na hii ndiyo mara yake ya kwanza kuongoza. Kabla ya hapo alikuwa prodyuza, jina lake lipo kwenye Children of Men, lipo kwenye Dawn of the Dead ile ya 2004, lipo hata kwenye Bring It On ya wale mabinti wa kushangilia mpira. Mtu ameshatoa hela kwa ajili ya mazombi na vita, siku anapata kiti cha dairekta anakwenda kuchukua mzee mwenye miwani anayegombania waipa. Nilitegemea mbwembwe, sikuona hata moja. Mliozoea kuangalia muvi kwa jicho la ndani, je mnauona mkono wa prodyuza humo au ni mimi tu naona imetulia sana?

La pili ndilo tuliligombania. Ford wanafika mahali wanampa dola milioni 30 amalize kesi, anakataa. Kaka yangu anasema huyo ni mtu aliyepoteza akili na muvi inatufanya tumshangilie mgonjwa. Mimi naona alikuwa sahihi ila nikiulizwa kwa nini siwezi kueleza vizuri. Nisaidieni, na kama kuna anayejua ukweli ulivyokuwa nje ya muvi pia aseme.


TaaZimezimwa:

Mkuu KitiChaNyuma karibu, hii muvi naipenda na huwa nasikitika haitajwi.

Kuhusu mkono wa prodyuza, upo kabisa, ila usiutafute kwenye mbwembwe. Angalia nani kapiga picha: Dante Spinotti, yule yule wa Heat na L.A. Confidential, na pia ndiye aliyepiga The Insider ya 1999, ambayo nayo ni mtu mmoja dhidi ya makampuni makubwa. Dairekta mgeni wa kawaida hampati mtu wa namna hiyo, ila prodyuza wa miaka mingi anamjua, anajua amuombe vipi, na anajua kwamba siku ya kwanza ya kuongoza unahitaji mtu pembeni ambaye hatetemeki. Halafu mchukue Alan Alda, ana sini chache tu kama wakili lakini kila akiingia muvi inasimama wima. Huo ni uchaguzi wa mtu anayejua dola moja ikiwekwa wapi inaonekana kwenye skrini. Na Detroit yenyewe unayoiona, sehemu kubwa wamepiga Kanada, mkoa wa Ontario.

Bajeti ilikuwa kama dola milioni 20, ambazo kwa studio kubwa ni ndogo. Kwa hiyo utaona nyumba moja, darasa moja, karakana ya chini ya nyumba, mahakama. Gari za zamani zinapita lakini hazipiti nyingi. Hapo kwenye ufinyu ndipo napomkubali, kwa sababu angeweza kuongeza muziki na kukimbizana ili kuficha kwamba hana hela, yeye kakaa na uso wa Kinnear. Kuna sini ile anasimama kwenye mvua anatazama waipa za gari za watu wengine, hakuna anayesema kitu, kamera haina haraka, na wewe unaona mtu anaibiwa mbele ya macho yake na dunia inapita tu inakwenda kwenye mambo yake. Dairekta mwenye wasiwasi angemfanya apige kelele.

Na sio mara ya kwanza prodyuza kuhamia kiti hicho. Alan J. Pakula alikuwa prodyuza wa To Kill a Mockingbird ya 1962 kabla hajaongoza muvi yake ya kwanza mwaka 1969, na Irwin Winkler aliyetoa Rocky akaja kuongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Winkler naye alianza na kisa cha mtu mmoja anayebanwa na mfumo, naona sio bahati. Prodyuza anaishi kwenye vyumba vya makubaliano miaka yote, anajua mtu mdogo anavyoingia na wazo na anavyotoka bila kitu. Waandishi wangapi wamefika mbele yake na hadithi, wakaulizwa maswali kwa upole, wakaambiwa tutawapigia? Nadhani Abraham alikijua hicho chumba cha Ford kabla hajakijenga.


FundiWaya:

Habari wakuu, mimi sio mtu wa muvi, ni fundi umeme wa magari, nimeingia kwa sababu ya waipa. Nataka kueleza kitu ambacho muvi inakigusa tu halafu inakiacha, maana mkikielewa mtajua kwa nini huyo mzee alichanganyikiwa.

Waipa za zamani nyingi hazikuwa hata na mota ya umeme, zilikuwa zinavutwa na upepo unaonyonywa na injini. Ukipanda mlima ukakanyaga mafuta, mnyonyo unapungua, waipa zinalegea, yaani pale pale unapotaka kuona mbele ndipo zinapokufa. Na hata zilipokuja za mota, zilikuwa haziachi kufuta. Makampuni yalikuwa yanahangaika kutafuta namna ya kuzifanya zitulie, na Ford wenyewe walikuwa wanaihangaikia kwa njia ya huo huo upepo.

Kearns kaja na kapasita, rezista na transista. Basi. Ngoja nielezee kwa asiyejua: kapasita ichukulie kama ndoo, rezista ni bomba linalojaza ndoo. Umeme unaingia taratibu, ndoo ikifika ujazo fulani transista inafunguka, mota inapiga mzunguko mmoja, ndoo inamwagika, inaanza kujaa upya. Huo muda wa kujaa ndio ule utulivu unaouona kati ya kufuta na kufuta. Ukizungusha kile kitufe unabana au unalegeza bomba, ndoo inachelewa au inawahi. Hakuna kifaa hata kimoja hapo alichokitengeneza yeye, vyote vilikuwa vinauzwa dukani, na hapo ndipo Ford walipomshikia: wewe umebuni nini wakati vipande vyote vipo?

Wazo lenyewe lilitoka kwenye jicho lake. Usiku wa harusi yake mwaka 1953 kizibo cha chupa ya shampeni kilimpiga jicho la kushoto, karibu lipofuke kabisa. Miaka kumi baadaye anaendesha Ford Galaxie kwenye mvua, anateseka kuona, anaanza kufikiria kope. Kope haifuti jicho mfululizo, inafuta inatulia inafuta. Mimi nafungua mifumo ya waipa miaka mingi sasa na sikuwahi kufikiria kope hata siku moja. Kila kitu kikishakuwepo kinaonekana rahisi, ndio maana nasimama na huyu mzee. Na ile sini ya mahakamani anapochukua kitabu cha Charles Dickens, A Tale of Two Cities, anamsomea yule mtaalamu wa Ford neno kwa neno na kumuuliza kama hayo maneno yapo kwenye kamusi, yapo yote, Dickens hakubuni hata moja, kwa hiyo Dickens hakuandika kitu? Nilisimama kwenye kiti. Nimekuwa nikitafuta jibu hilo maisha yangu yote kwa watu wanaosema fundi amebadilisha waya mbili tu mbona hela yote hiyo.


Mkosoaji77:

Naheshimu mlichosema ila mimi niko upande wa kaka wa mleta mada, japo sio kwa sababu aliyoitoa.

Muvi imemsafisha huyu mtu. Kisa cha kweli ni kigumu zaidi, na dairekta anayeanza aliogopa kukichukua chote. Hebu tuangalie. Kwenye muvi anaziona gari za Ford na moja kwa moja anajua. Kwenye maisha ya kweli Ford walianza kuziuza waipa za namna hiyo mwaka 1969 kwenye gari zao za Mercury, lakini kilichomvunja kabisa ni mwaka 1976 alipofungua kiboksi cha waipa cha Mercedes-Benz akakuta mzunguko wa umeme ni ule ule. Fikiria, sio kampuni moja tena. Ni dunia nzima. Akaugua akili, akalazwa. Muvi inaigusa hiyo, hata inaanza naye akiwa kwenye basi hajielewi, ila inaipita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Halafu kesi. Alifungua dhidi ya Ford mwaka 1978, ikaja kusikilizwa 1990. Miaka kumi na mbili! Kwenye muvi ni kama watoto wamekua kidogo tu. Juri, wale raia wanaokaa kuamua kesi, ikasema ndiyo Ford wametumia uvumbuzi wake, lakini hawakukusudia kuiba. Hilo neno "hawakukusudia" ndilo lililomuua, kwa sababu yeye alikuwa anataka waseme wameiba. Na kwenye muvi juri inampa zaidi ya milioni 10, watu wanatabasamu, mwisho. Ukweli ni kwamba juri ilimpa dola milioni 5.2, halafu Ford wakakubali kulipa 10.2 ili kusiwe na raundi nyingine. Yeye alikuwa anadai milioni 395. Kwa hiyo mkuu, aliyekataa 30 akaondoka na 10.2. Sio mimi niliyesema, ni hesabu.

Na baada ya hapo kuna Chrysler, kampuni nyingine ya magari, ambayo kwenye hadithi haipo kabisa! Huko ndiko aliposimama mwenyewe kama wakili kwa sehemu kubwa, akashinda mwaka 1992, Chrysler wakakata rufaa mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuwasikiliza mwaka 1995, na kwa riba ikafika karibu milioni 30. Kesi nyingine dhidi ya kina General Motors na wenzao zikafutwa kwa sababu alichelewesha makaratasi. Hapo kulikuwa na muvi. Mtu anayeshinda wakubwa wawili halafu anashindwa na tarehe za mahakama kwa sababu hakubali kumwachia mtu mwingine faili zake. Dairekta mzoefu angekwenda huko. Abraham kafanya kama prodyuza, kaona saa mbili, kaona mwisho mzuri, kafunga. Tena hata hiyo haikumsaidia maana muvi iliingiza chini ya milioni 5.


TaaZimezimwa:

Kaka Mkosoaji77 kuhusu Chrysler nakubali, na mimi ingenifurahisha kuiona. Ila hapo kwenye mapato tutende haki kidogo. Muvi iliingia kumbi za Marekani tarehe 3 Oktoba 2008. Siku hiyo hiyo rais Bush alisaini sheria ya dola bilioni 700 ya kuokoa mabenki. Watu wanapoteza nyumba na kazi, benki zinaanguka, nani anatoka kwenda kuangalia waipa? Na mwezi uliofuata wakubwa wa General Motors, Chrysler na Ford wakapanda kwenda Washington kuomba msaada kwa Bunge. Yaani ile kampuni ambayo kwenye skrini inaonekana kama mlima usiotikisika, nje ya ukumbi wakubwa wake wanakaa mbele ya wabunge wanaomba. Ingetoka miaka miwili kabla au miwili baada naamini tungekuwa tunaizungumzia tofauti.

Na usisahau ile kuipita haraka hospitali mimi naiona kama adabu. Mtu mwenyewe alifariki Februari 2005, hata miaka minne haijapita, watoto wake wapo. Kuna dairekta angemweka Kinnear kwenye kona anapiga kichwa ukutani ili apate tuzo. Hapa anakaa tu, mkewe anakuja, wanaongea kidogo. Mimi ilinitosha.


KaratasiNaMuhuri:

Wakuu, nafanya kazi inayogusa masuala ya hataza, ile hati ya kulinda uvumbuzi ambayo wengi mnaiita patenti, kwa hiyo niongezee vitu ambavyo vitamsaidia mleta mada kwenye lile swali lake la pili.

Kwanza jina la muvi. Sio sifa tu ya kumpamba Kearns. Ni maneno ya kisheria. Mwaka 1941 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi moja ya kiberiti cha sigara cha kwenye gari (ndiyo, kitu cha gari tena!) ikasema ili uvumbuzi ulindwe lazima uonyeshe mng'ao wa kipaji, yaani wazo liwe limewaka kichwani mwa mtu kama radi, sio kazi ya fundi stadi anayejaribu jaribu. Watu wa uvumbuzi wakalia sana maana vitu vingi vizuri vinapatikana kwa kuhangaika chini ya nyumba usiku baada ya usiku. Mwaka 1952 Bunge likabadilisha sheria, likasema namna uvumbuzi ulivyopatikana isitumike kuunyima ulinzi. Swali likabaki moja: je kwa mtaalamu wa fani ile, kitu hiki kingekuwa dhahiri? Kwa hiyo hoja ya Ford ya vipande kuwepo dukani ilikuwa hoja ya kweli kisheria, hawakuitunga tu, na jibu la kamusi alilolisema FundiWaya ndilo jibu lake haswa.

Pili, na hapa ndipo penye uzito. Kearns aliomba hataza Desemba 1964, akapewa 1967. Enzi hizo kule hataza ilikuwa inadumu miaka 17 tangu siku ya kutolewa. Piga hesabu, inakwisha 1984. Kesi inasikilizwa 1990. Mnaona kilichotokea? Wakati anafika mbele ya juri, hataza ilikuwa imeshakufa miaka sita. Mahakama haiwezi tena kumwambia Ford acha kutumia, inaweza tu kusema mlipe kwa miaka iliyopita. Na yeye hakutaka kulipwa tu, ndoto yake ilikuwa awe na kiwanda chake, atengeneze waipa mwenyewe na wanawe, awauzie Ford na wengine kwa mkataba. Hicho kitu kilishachukuliwa na kalenda, hakuna hela ya kukirudisha. Kuchelewesha kesi ni silaha, na mwenye mawakili wengi ndiye mwenye muda mwingi.

Kwa hiyo swali la milioni 30 usiliweke kama mtu aliyepewa mali akaikataa. Alikuwa anapewa hela ili akubali kwamba hakuna kilichotokea. Alishapoteza kiwanda, afya na ndoa, kilichobaki cha kugombania kilikuwa ni ile sentensi moja, kwamba hii ni ya Bob Kearns. Hataza ni mali kwa sheria ila kwa aliyebuni ni kama jina la mtoto. Mkosoaji77 hesabu yako ni sahihi ila umehesabu kitu ambacho mwenyewe hakuwa anakihesabu.


BintiWaFaili:

Nimesoma yote. Mimi huwa nasoma tu humu siandiki ila hii imenigusa pabaya.

Nimekulia kwenye nyumba ya namna ile. Baba yangu aliachishwa kazi na mahali ambapo sitapataja, wakamdai yeye ndiye aliyeharibu hesabu wakati yeye ndiye aliyewaonyesha wizi ulipo. Alikwenda mahakamani. Miaka kumi na moja. Nilikuwa darasa la pili ilipoanza, ilipoisha nilikuwa nimeshamaliza shule. Meza ya kulia chakula ilikuwa na faili, tulikula magotini. Nilijifunza kupanga makaratasi kwa tarehe kabla sijajua kupika. Kwa hiyo kwenye ile sini watoto wa Kearns wanapomsaidia baba yao makaratasi, wengine wataona ni nzuri, familia imeungana, mimi niliizima nikatoka nje nikakaa kidogo ndipo nikarudi. Ni nzuri kweli, naapa ni nzuri, siku zile ndizo siku nilizokuwa karibu zaidi na baba. Na pia ndizo zilizokula utoto wangu. Vyote viwili kwa pamoja, na ile muvi inavijua vyote viwili, ndio maana siwezi kukubali kwamba dairekta aliogopa.

Angalieni Lauren Graham anayeigiza mke, Phyllis. Hapigi kelele, hafanywi kuwa mwanamke mbaya anayemkatisha tamaa stelingi. Muvi nyingi za mnyonge dhidi ya wakubwa mke yupo mlangoni anasema inatosha, na sisi tunamchukia kwa sababu tunataka mume aendelee. Huyu unamwona anachoka taratibu. Anaposhindwa kuendelea hakuna anayemlaumu, hata kamera haimlaumu. Nilimwona mama yangu pale. Mama alikaa, Phyllis aliondoka, lakini macho ni yale yale.

Sasa kuhusu milioni 30, nyote mnauliza kama Kearns alikuwa sahihi kukataa. Hakuna aliyeuliza hela hiyo ilikuwa ya nani. Kwetu waliwahi kuleta pendekezo, mwaka wa sita. Sio kubwa ila ingetulipia ada na paa. Baba alilikataa jioni hiyo hiyo, hakutuuliza. Aliposhinda mwaka wa kumi na moja alipata kidogo kuliko lile. Na nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote, na nilimkasirikia pia, na sijui niziweke wapi hizo hisia mbili mpaka leo.


Mkosoaji77:

Dada BintiWaFaili, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimerudi kuiangalia sehemu ya Phyllis baada ya kukusoma. Nilipoona mara ya kwanza niliona ameandikwa kidogo, anapotea katikati. Sasa naona anapotea kwa sababu mumewe hamtazami, na kamera imekaa upande wa mumewe. Ile ya kusema dairekta aliogopa naifuta. Ila Chrysler bado naidai.


FundiWaya:

Hata mimi Chrysler naitaka. Ila dada umenifanya nifikirie kitu. Mimi nilisimama kwenye kiti kwa ajili ya kitabu na kamusi. Mke wangu alikuwa anaangalia naye, hakusimama, alikuwa anaangalia watoto waliokaa nyuma ya baba yao. Sikumuuliza kwa nini. Leo nitamuuliza.


KitiChaNyuma:

Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimemsomea kaka yangu maelezo ya KaratasiNaMuhuri kuhusu miaka 17, akanyamaza, halafu akasema "kumbe walimsubiri iishe". Hajasema amekosea ila leo kaaga alipokwenda kulala.

Kwa anayeuliza kule inbox, ndiyo, Marc Abraham aliongoza nyingine baada ya hii, I Saw the Light ya 2015, maisha ya mwanamuziki Hank Williams, yumo Tom Hiddleston. Bado sijaiona, nitaiangalia wikiendi nione kama kule nako katulia hivi hivi.

Dada BintiWaFaili samahani kama nauliza kisichonihusu, usipojibu nitaelewa. Mzee mwenyewe anasemaje leo? Akirudishwa mwaka ule wa sita angekubali?


BintiWaFaili:

Hujanikosea kaka. Nilimpigia jana usiku baada ya kuandika huku. Nilimsimulia muvi yote kwenye simu, waipa, kizibo, kamusi, mke, watoto. Alicheka kwenye kamusi. Nikamuuliza hilo swali lako kabla hata hujaliuliza.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani laini imekata. Akasema wangeandika barua, ukurasa mmoja tu, kwamba hesabu nilizowaonyesha zilikuwa sahihi, ningechukua hata nusu yake. Nikamwambia baba hukuwahi kutuambia hivyo. Akasema hakuna aliyeniuliza nataka nini, walikuwa wananiuliza nataka ngapi.

Halafu akaniuliza ile muvi naweza kumtumia, na kama mama anaweza kuiangalia pia. Nikamwambia waangalie pamoja. Faili bado anazo, ziko chini ya kitanda.